Nilipokuwa Ziwa Kasulu

Watu wa umri wangu wakikaa kuwakumbuka walimu wao husema, Mungu ampumzishe, alinichapa lakini alinijenga. Mimi sisemi hivyo. Mkufunzi wangu wa meli alinidhalilisha mbele ya vijana kumi na watatu, nami nikamlipa, na mpaka leo nikiikumbuka siku ile kuna mahali kifuani panapata joto. Naandika haya nikiwa mzee mwenye meno machache. Anayetafuta habari za kusameheana akasome kwingine.

Ilikuwa miaka ya sabini, muda mfupi baada ya sisi wa Gwarama kuhamishiwa kijiji kipya, nyumba zikiwa bado na miti mibichi. Tangazo lilibandikwa Kibondo: wanatakiwa vijana waliomaliza darasa la saba, wenye afya, wafundishwe kazi za melini. Nilitembea hadi Kibondo, nikapanga foleni, nikaulizwa kama najua kuogelea. Nikasema najua sana. Mto wetu wakati wa kiangazi hufika magotini, lakini hilo hawakuuliza.

Baba yangu alikuwa amekwenda mkonge mara mbili enzi za mkoloni. Waha wengi walikwenda. Huko hawakuitwa kwa majina. Mtu alipewa kipande chenye namba, akaitwa kwa namba hiyo asubuhi na jioni, ndiyo maana wakaitwa manamba. Baba hakuwa msemaji. Siku ninaondoka alinisindikiza mpaka kwenye lori, akaniambia jambo moja tu: "Uende mahali watakapokuandika jina. Jina lako na langu. Wakikuandika, uje uniambie." Nami nilitaka hilo kuliko mshahara, kuliko sare, kuliko hata hilo ziwa ambalo sikuwahi kuliona. Kitu pekee cha ziwani nilichokifahamu kilikuwa dagaa, tena wakavu.

Mafunzo yalikuwa Kasulu. Ndiyo, Kasulu, milimani, kwenye ukungu na maharage, ziwa likiwa mbali huko chini safari nzima ya lori. Watu wa mjini walitucheka sana. Mwenye duka mmoja kila akituona alituuliza meli imetia nanga wapi, kwa muuza mkaa au kwa fundi cherehani? Lakini sababu tuliyopewa ilikuwa na akili. Meli zilikuwa chache na zilijaa abiria, na hakuna nahodha atakayekubali mtu ajifunze kukosea akiwa amebeba watu. Basi tukosee kwanza nchi kavu.

Ndani ya ghala lililokuwa la kahawa walikuwa wamejenga chumba cha nahodha cha mbao. Kilikuwa na usukani wa kweli uliotolewa kwenye chombo kibovu, dira, na kengele ya kuwaagiza watu wa injini, ingawa injini yenyewe haikuwapo. Chumba kizima kilikaa juu ya springi za lori, na kila upande kulikuwa na kamba. Vijana sita wakizivuta kamba kwa zamu, chumba kinayumba, hayo ndiyo mawimbi. Mbele yake lilitundikwa turubai refu lililoshonwa vipande vipande, limechorwa ziwa lote: milima ya ng'ambo, maji, miamba, gati la Kigoma na korongo zake za kunyanyulia mizigo. Turubai hilo lilizungushwa kwenye magogo mawili yaliyosimama, kwa mpini wa chuma kama wa kuvutia ndoo kisimani. Nyuma ya turubai kulikuwa na mshale wa bati uliounganishwa na usukani kwa waya. Mtu wa kwenye mpini aliutazama mshale, akajua usukani umegeuzwa kiasi gani, akalizungusha ziwa. Aliyeshika usukani akaona nchi inasogea mbele ya macho yake kana kwamba yeye ndiye anayekwenda.

Mkufunzi alikuwa mtu wa pwani, mwembamba, mwenye sauti ya kusikika ghala zima. Suruali yake nyeupe ilinyooshwa kwa pasi kila siku, na vumbi la Kasulu lilimkera kama vile sisi ndio tuliolitengeneza. Alijua kazi yake kwa maneno. Kanuni yake ya kwanza ilikuwa kwamba amri ya nahodha inarudiwa neno kwa neno. Akisema "Kushoto kumi!", mshika usukani anajibu "Kushoto kumi, nahodha!" ndipo anageuza. Asiporudia, nahodha hajui kama amesikiwa, na meli haimsubiri mtu.

Sasa hapo ndipo palipokuwa na shida yangu. Kwetu mkubwa akikuagiza jambo, humjibu kwa kinywa. Unainamisha kichwa kidogo, unakutanisha viganja na kupiga taratibu mara mbili, kisha unakwenda kutenda. Maneno yake huyarudii. Anayeyarudia maneno ya mkubwa usoni pake anamwigiza, na mtoto wa kumwigiza mkubwa kwetu alichapwa hata na jirani. Bibi yangu alinilea mimi, na mikono yangu ilikuwa na adabu ya bibi.

Siku yangu ya kwanza kushika usukani mawimbi yalikuwa makali. Usukani ule walikuwa wameufunga springi ili uwe na ubishi wa maji, ukiuachia unarudi wenyewe kwa nguvu. Mkufunzi akaguta, "Kushoto kumi!" Mimi nikauachia usukani, nikainama, nikapiga makofi mawili.

Usukani ukazunguka kulia wenyewe. Ziwa likaja mbio. Niliponyanyua macho miamba ilikuwa imejaa mbele yangu, na mkufunzi anapiga kengele kama mtu aliyeona moto.

"Abiria mia mbili wamekufa," alisema. "Wamekufa wote, na wewe umewapigia makofi. Hivi wewe u mzima kweli?"

Ghala lilicheka mpaka wavuta kamba wakakaa chini. Wenzangu wengi nao walikuwa Waha, nao mikono iliwawasha, nilimwona mmoja akiinua kiganja na kukirudisha haraka. Lakini wao waliweza kujizuia. Mimi nilirudishwa mara ya pili, nikapiga makofi. Mara ya tatu nilijiapiza kabisa, nikakaza vidole, akaniambia "Kulia tano!" kwa sauti ya chini tu, sauti ya mzee anayemwambia kijana alete kiti, na mikono ikaniasi.

Hapo akaifungua fomu yangu. Akaisoma mbele ya wote. Alipofika kwenye kazi ya baba akatua.

"Mkonge! Ala, sasa nimefahamu. Mwana wa manamba huyu. Namba haijibu, bwana, namba huhesabiwa tu." Akaikunja fomu. "Kuanzia leo wewe ni Namba. Toka kwenye meli yangu, nenda nyuma ya turubai ukazungushe mpini. Hutaki kuliendesha ziwa, basi uwe ziwa. Siku wakubwa watakapokuja nitakujaribu mara moja ya mwisho. Ukijibu kama mtu utaandikwa. Usipojibu, lori la Kibondo unalijua."

Mtenda husahau, mtendewa hasahau. Angenitukana mimi peke yangu ningemeza, nilikuwa nimekosa. Lakini kumtoa baba yangu kwenye fomu yangu, mbele ya watu, na kumvika tena ile namba aliyoivua miaka mingi nyuma! Siku ile ugali wangu niliwaachia wenzangu. Niliamua kwamba mtu huyu lazima nimwone amesimama mbele ya watu bila neno la kusema. Sikujua vipi, ila niliamua, na nikilala niliwaza hilo na nikiamka niliwaza hilo.

Basi nikawa ziwa. Wiki kwa wiki nilisimama nyuma ya turubai na mikono yote miwili kwenye mpini. Sikumwona mtu, nilisikia tu. Nilisikia kila amri na kila jibu, na kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi, nilianza kujibu kwa mdomo polepole, peke yangu, mshika usukani akijibu upande wa pili. Kushoto kumi, nahodha. Katikati, nahodha. Baada ya mwezi nilikuwa najibu kabla yao. Mkufunzi alipopita nyuma kukagua magogo alinikuta midomo inacheza. Aliniambia tu nipake mafuta mpini, unalia.

Nililijua pia ziwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha namna ya kulizungusha, maana wanafunzi wasingejifunza kitu kama ziwa lingekuwa la uongo. "Meli si baiskeli," alisema. "Mtu akigeuza usukani, wewe hesabu mpaka nane ndipo uanze kuzungusha. Akirudisha katikati, usisimame. Meli nzito, itaendelea kugeuka, endelea nayo mpaka ichoke." Wenzangu waliteseka sana kwa hilo. Waligeuza, wakaona hakuna kitu, wakazidisha, kisha ziwa likawajia lote kwa pamoja. Waliojifunza kungoja ndio waliofaulu.

Wiki ya mwisho mkufunzi akaanza kujizoeza mwenyewe, kwa sababu mkaguzi wa meli alikuwa anakuja na alitaka kumwonyesha jinsi ya kuingia bandarini. Ilikuwa mara ya kwanza kwake kuushika usukani tangu tufike. Kabla ya kuanza alikuja nyuma ya turubai akaniambia kwa upole nisiouzoea, "Nikishika mimi, usihesabu. Fuata mkono wangu. Nikigeuza, geuza. Nikisimama, simama."

Nilimsimulia mwenzangu mmoja, kijana wa Kasanda tuliyesafiri lori moja kutoka Kibondo, ambaye ndiye aliyekuwa bora kuliko sisi sote. Akacheka chini chini.

"Huyo hajawahi kuushika," aliniambia. "Mpishi wetu anamjua tangu pwani. Alikuwa karani wa shehena melini, anaandika magunia. Hayo maneno yote aliyasikia akiwa mlangoni na daftari lake."

"Kumbe!"

"Ego, ndivyo. Lakini nyamaza, ndugu yangu. Una jaribio lako siku hiyo hiyo. Unataka kuandikwa au unataka kumkomoa?"

"Nataka kuandikwa," nikasema. Nilikuwa nasema kweli. Nilikuwa nimejipangia kumpa mtu huyo ziwa lake rahisi la kufuata mkono, niingie kwenye meli, nijibu kama kasuku, baba apate jina lake. Kumkomoa kungengoja.

Mkaguzi alifika na gari la serikali asubuhi yenye ukungu. Alikuwa mzee mnene wa kandambili na shati jeupe, amepauka mikono kwa jua la ziwani, hana makuu. Watu wa wilaya nao walialikwa, na wafanyabiashara wa mjini na kanzu zao, yule wa kutuuliza nanga akiwa mbele kabisa. Mkufunzi alivaa kofia. Akawazungusha wageni akiwaeleza kila kitu, springi, kamba, dira, naye alieleza vizuri, siwezi kumnyima. Walipofika kwenye turubai akalipiga kwa kifimbo.

"Na huku nyuma, Ndugu Mkaguzi, tuna punda wetu wa ziwa. Mwana wa manamba. Huyu makofi yake yamezamisha meli tatu."

Wageni wakacheka. Namsikia mpaka leo yule mwenye duka alivyocheka, kicheko cha mtu aliyeshiba. Nilikuwa futi mbili kutoka kwao, kitambaa tu kimetutenga. Jaribio langu lilikuwa saa moja mbele. Nililiona wazi kabisa, nikaliacha lipite. Mama yangu alizoea kusema hasira hasara, na alikuwa na haki ya kusema, lakini hakuwa nyuma ya turubai lile.

Mkufunzi akapanda, akashika usukani. Mawimbi yakaanza. Akajiamuru mwenyewe kwa sauti nzuri, "Kushoto kumi!" akajijibu, akageuza. Mshale wa bati ukaniambia.

Nikahesabu. Moja. Mbili. Tatu. Nilihesabu kama alivyonifundisha, bila kuiba hata moja.

Aliona ziwa limesimama tuli mbele yake. Akaongeza, kushoto ishirini. Nne, tano. Akaongeza tena mpaka usukani ukagota. Nane. Nikampa ziwa. Nikazungusha mpini kwa moyo wangu wote, kwa kipimo kilekile alichokidai yeye kwa kila mwanafunzi, na nchi yote ya Kigoma ikapita mbele yake, gati, korongo, vibanda, na ile miamba ikaanza kuingia. Akaurudisha usukani katikati. Sikusimama, meli ni nzito. Akaukata kulia wote. Nikahesabu tena. Wavuta kamba nao, wakiona mambo yamenoga, wakazidisha mawimbi bila kuambiwa, na kofia ikamtoka kichwani.

Hapo ndipo aliposema neno lililommaliza. Alipiga kelele ghala zima likasikia:

"Namba! Fuata mkono wangu! Nimekwambia ufuate mkono wangu!"

Miamba ikasimama mbele yake. Nikauachia mpini. Kamba zikatulia zenyewe.

Mkaguzi hakupaza sauti. "Ndugu Mkufunzi," aliuliza, "tangu lini ziwa likafuata mkono wa mtu?"

Nilichungulia kwenye mshono wa turubai nikamwona. Alikuwa amesimama kama nilivyotaka asimame, mbele ya watu wote, mdomo wazi bila neno. Mkaguzi akamuuliza ameshika usukani miaka mingapi, katika meli ipi. Akatazama sakafu. Lo, nilikula siku ile! Sijapata kula chakula kitamu namna ile, na sioni aibu kusema. Mwenye duka alikuwa ameacha kucheka.

Kisha mkaguzi akanyoosha mkono. "Nipe orodha ya uliowapitisha." Mkufunzi akaitoa mfukoni, karatasi iliyopigwa taipu, ina mhuri tayari. Mkaguzi akavaa miwani, akasoma kwa sauti majina ya washika usukani, kwa kuwa alitaka kuwaona. Walikuwa watatu. La kwanza lilikuwa la mwenzangu wa Kasanda, akasimama. La pili lilikuwa langu.

Alilisoma jina langu, akalisoma na la baba. Halafu akasoma na maelezo yaliyoandikwa pembeni, kwamba kijana huyu amejifunza akiwa nyuma ya turubai na analijua ziwa kuliko wenzake wote, na hahitaji jaribio la pili.

"Yuko wapi huyu?" mkaguzi akauliza.

Wenzangu walilitazama turubai. Miguu yangu ilikuwa pale, nyama yangu ilikuwa pale, na sikuweza kutoka. Mkufunzi naye alilitazama turubai, akarudisha macho sakafuni. Angeweza kusema ni huyo hapo, ndiye aliyekuzungushia ziwa. Hakusema.

Mkaguzi akaikunja karatasi, akaichana mara mbili. "Asiyejua hawezi kumpitisha mtu," alisema. "Nitapandishaje watu melini kwa sahihi hii?" Hakuwa na ubaya, alikuwa anafikiria abiria. Mafunzo yakafungwa wiki ileile. Baadaye tulisikia walichukuliwa vijana wa kandokando ya ziwa, waliozaliwa na kasia mkononi, na sisi kumi na wanne tukapewa chakula cha njiani. Yule wa Kasanda, ambaye hakumkosea mtu yeyote na angekuwa nahodha, naamini hivyo, alipanda lori tulilopanda, akakaa upande wa pili. Tulipofika kwao aliwaaga wote mmoja mmoja akaniruka. Nilijua angeniruka.

Kabla ya kupanda lori nilikwenda kumtafuta mkufunzi. Nilimkuta chumbani kwake anafunga sanduku, suruali nyeupe imekunjwa juu kabisa. Nilikuwa nimekuja kumtukana, nilikuwa na maneno tayari.

"Mwalimu," nikasema, "mbona hukuniambia kama umeniandika?"

Akaendelea na kamba ya sanduku mpaka ikakaza.

"Ningekuambia, ungelegea," alisema.

Basi. Hakuniita Namba wala hakuniita jina. Nikatoka na matusi yangu yote tumboni, na nilimchukia kwa jibu lile kuliko kwa yale yote ya kwanza, kwa sababu lilikuwa kweli. Nisingekuwa na hasira na mtu huyu nisingejifunza kitu. Lakini alimtukana baba yangu, na hilo nalo ni kweli, tena alilirudia siku ya wageni akiwa na karatasi ile mfukoni. Nimelipima jambo hili miaka yote. Nikiwekwa tena nyuma ya turubai lile nahesabu mpaka nane.

Nilifika nyumbani adhuhuri. Mama alikuwa mtoni. Baba alikuwa shambani anapalilia maharage, akaniona kwa mbali, akasimama, akaweka jembe chini na kujipangusa mikono kwenye suruali kama mtu anayepokea mgeni mkubwa. Hakuuliza habari za safari wala za ziwa.

"Wamekuandika?" aliniuliza.

Kumwambia ndiyo kungenilazimu kumweleza iko wapi hiyo karatasi, na ni nani aliyefanya ichanwe.

"Hapana," nikamwambia. "Hawakuniandika."

Akaokota jembe lake, akaniambia langu liko palepale nilipoliacha.